Mtu wa Nyumba Yangu

Jumapili, 3 Juni

Mazoezi ya softiboli saa kumi. Jua bado kali. Besi ya pili imeliwa na ng'ombe tena. Ni gunia la pumba, na mimi sijifunzi. Nimeweka jiwe mahali pake na kuwaambia wasiteleze kwa magoti.

Wamekuja wengi kuliko wiki iliyopita. Rungu jipya ni zito kichwani, lakini likigusa mpira, mpira unakwenda. Amelichonga Fundi Salehe wa Tarime mjini. Mara ya kwanza nilipomwagiza aliniuliza naenda kumpiga nani. Nikasema mpira. Hakuamini. Mpaka leo haamini, ila ananichongea.

Ghati amerusha vizuri. Marwa amedaka nyuma ya mpigaji, na kofia yake ya mgodini na ile barakoa aliyoisuka mwenyewe kwa waya. Marwa anakaanga chapati kwenye makarasha ya kusagia mawe. Ana mwendo wake, ana sauti yake, na akicheza anajifunga kanga kiunoni. Timu ya mpira wa miguu ya kijiji ilimfukuza kwa sababu ya hiyo kanga. Wengine wangu walifukuzwa kwingine kwa sababu nyingine. Sikuwauliza. Softiboli nilifundishwa shuleni Mwanza, na shuleni kwetu sheria zilikuwa kitabu kizima. Hapa ninayo moja: anayekuja anacheza. Vijiji jirani, Machochwe wameiga, Nyansurura wameiga. Hiyo ndiyo ligi yetu. Timu tatu. Kombe hakuna.

Mgongo unauma. Nimekula, nimelala mchana kidogo. Siku nzuri kiasi.

Jumatano, 6 Juni

Rashi, mbio za wachimbaji. Wamepata dhahabu kilimani, ng'ambo ya kiwanja chetu. Juzi palikuwa na mbuzi, leo kuna turubai za bluu mpaka bondeni. Wanaume wa kila kabila. Uji wangu wa kuuza umekwisha saa mbili asubuhi na bado wamepanga mstari, wanatazama sufuria tupu.

Mchimbaji mmoja mgeni alimwona Ghati akinisaidia kubeba ndoo. Akauliza kama ni binti yangu. Nikasema ni mke wangu. Akacheka, akangoja na mimi nicheke.

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wageni wote. Mume wangu alifukiwa na shimo. Hakuniachia mtoto wa kiume. Kwetu Wakurya mwanamke wa namna hiyo anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke, ili mji wa mume usife. Nyumba ntobhu. Mke anazaa na mwanamume aliyekubaliwa, na watoto wanakuwa wa nyumba. Nilimwoa Ghati mchana kweupe, wazee wakinywa. "Kumbe ni mila," akasema yule mgeni. Nikasema ni mila. Akaniuliza kama kesho nitapika mwingi zaidi.

Yaliyobaki sikumwambia. Kwamba nilimpenda kabla ya ng'ombe. Kwamba tunalala kitanda kimoja na hakuna anayeuliza, maana mila imetufunika vizuri. Kwamba Ghati alikwisha kuolewa na mwanamume kule Serengeti, huyo akamvunja mkono, na kabla ya kukubali kuja kwangu aliniambia jambo moja tu: mwanamume asiingie katika nyumba hiyo. Niliapa.

Mama mkwe hakijui kiapo hicho. Anamtazama Ghati tumbo kama mtu anayekagua mahindi kama yamebeba. Leo amesema nyumba isiyo na kilio cha mtoto ni banda. Nimesema ndiyo mama. Huwa nasema ndiyo mama.

Jumapili, 10 Juni

Mechi na Machochwe, hapa kwetu. Wamekuja na fuso la mchanga, vumbi mpaka kwenye kope.

Watu wa rashi wamejaa pembeni ya kiwanja. Hawajawahi kuona mchezo huu. Mwanzoni walinyamaza. Kisha Marwa akajifunga kanga.

Miluzi. Maneno. Kuna neno moja walilirudia mpaka likawa kama wimbo, silirudii hapa. Mmoja aliingia uwanjani akatembea nyuma yake akimwigiza kiuno, na watu wazima wakacheka mpaka wakashikana. Wachezaji wa Machochwe walisimama. Wangu walisimama. Wote walinitazama mimi. Nilipiga filimbi mchezo uendelee. Sikujua la kufanya, na filimbi ilikuwa mdomoni.

Marwa amedaka mpaka mwisho. Tumeshinda. Alinipa barakoa yake niitunze. "Kocha, bao ni bao," akasema. Nikasema bao ni bao.

Jumanne, 12 Juni

Wamempiga Marwa. Asubuhi, mbele ya watu, kwenye makarasha. Wamemwaga unga, wamepindua jiko, mafuta ya moto yamemwagikia mguu wa mama mmoja asiyehusika. Mwenye karasha hakuzima mashine. Nilifika watu wanaondoka.

Nilimwosha uso. Jicho limefunga. Ghati alimsongea ugali, akaumega vipande vidogo vidogo kwa sababu ya meno. Marwa alikuwa anaomba radhi. Kwa nini, sijui. Kwa kula, nadhani.

Jioni imekuja habari. Wazee wameitisha ritongo, baraza lao, keshokutwa. Wageni wamelalamika kwamba kijiji kinafuga laana na dhahabu itakimbia. Dhahabu yenye miguu. Na wazee wanasikiliza, maana sasa kila mtu ana mgeni aliyempangisha chumba.

Niliwaza kukasirika. Sikuweza. Tangu siku ile ya shimo kuna kitu ndani kimekaa kimya, kama mkono uliolaliwa. Nafanya kazi, nakula, napiga filimbi.

Alhamisi, 14 Juni

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Ritongo lilikaa karibu na josho la ng'ombe. Wazee mbele, vijana nyuma, wageni wa rashi pembeni, wengi, baadhi wameshika nyundo za kazi. Wanawake mbali kidogo. Mimi nina mji, niliwahi kutoa ng'ombe, kwa hiyo ninaruhusiwa kusimama na kusema. Marwa aliwekwa chini katikati. Jicho bado limefunga.

Mzee Nyamhanga ndiye aliyeongoza. Si mtu mbaya. Alimzika mume wangu vizuri. Alisema wao hawataki damu, wanataka kijana aondoke leo, asindikizwe na vijana mpaka barabara kubwa. Nikawatazama vijana wa kumsindikiza. Wawili walikuwa wale wa Jumanne. Kila mtu pale alijua Marwa hatafika barabara kubwa. Mzee Nyamhanga naye alijua. Alikuwa anatazama fimbo yake.

Marwa angekuwa mwanamke angepata mlango wa kujificha, kama mimi na Ghati. Mwanamume wa namna yake hana mila. Hilo ndilo nililokuwa nawaza, pole pole, kama napanga vyombo. Kisha nikasimama.

Nikasema, "Huyu ni mtu wa nyumba yangu."

Nikarudia. Nikasema Marwa ndiye niliyemchagua aje kwa Ghati, anitolee mtoto. Kila mmoja pale anajua sheria: mwanamume wa nyumba ntobhu haguswi njiani, na habari zake hazijadiliwi barazani. Ukimpiga umevunja mji wa mtu.

Mzee Nyamhanga aliinua kichwa. Uso ulimfunguka kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Sasa si ungesema mapema, mama?"

"Mambo ya nyumba hayatangazwi," nikasema.

Wazee wakacheka. Kicheko cha kuona kazi imekwisha. Mmoja akasema kanga ile basi ni ya Ghati, kijana amechanganya nguo gizani, wakacheka tena. Wageni hawakuelewa, wakaelezwa, na wao wakacheka. Nyundo zikashuka. Mama mkwe akapiga vigelegele, peke yake, kisha wanawake wote wakamfuata.

Ghati alikuwa katikati ya wanawake hao. Walimpiga mabega, walimtingisha. Sikumtazama usoni. Nilitazama viatu vyake.

Marwa yuko hai. Nimeandika ili nikumbuke. Yuko hai.

Ijumaa, 15 Juni

Ghati ameamka kabla yangu. Amefagia uwanja wote, hata upande wa mama mkwe.

Jioni Marwa amekuja kwetu. Lazima aje, lazima aonekane anakuja, ndiyo bei yake. Tumekula watatu. Ameosha vyombo. Nimemtandikia sebuleni, nikafunga mlango wa nje ili majirani waone umefungwa.

Ghati alingoja mpaka Marwa alipotoka kumwaga maji. Akasema, "Umenipanga kama unavyopanga wachezaji. Wewe hapa, wewe pale."

Nikasema, wangemuua.

"Najua," akasema. "Nami ningesema ndiyo. Ungenigeukia tu. Ungenitazama, mara moja, ningeitikia kwa kichwa."

Marwa akarudi, tukazungumzia bei ya unga.

Jumapili, 17 Juni

Mazoezi. Watazamaji wengi. Leo wanampigia Marwa makofi. Yule aliyemwigiza kiuno amempa mkono akamwita shemeji. Marwa ameupokea mkono. Baadaye alikwenda nyuma ya kichaka akatapika.

Wachezaji wenzake hawakumtania. Wanajua. Ila wanawake wengine kijijini wanamtania Ghati kila anakopita, utani wa mila, hauna ubaya: ana kichefuchefu? anatamani udongo? Ghati anacheka nao vizuri kabisa. Sijawahi kumwona akicheka hivyo. Meno tu.

Amerusha ovyo. Sikumsahihisha.

Jumatano, 20 Juni

Mama mkwe ameleta kibuyu cha maziwa ya mgando kwa Ghati. Kuongeza damu, anasema. Amekaa kitako ukumbini, anamweleza Marwa habari za ukoo wetu, nani alimzaa nani, ili mtoto akija aelezwe. Marwa anasikiliza kwa adabu, shikamoo nyingi. Kwao walimfukuza zamani. Nadhani hajawahi kupewa ukoo wa mtu.

Alipoondoka mama, Marwa alisema anaweza kwenda Sirari, ana dada anauza mitumba pale mpakani. Nikamwambia akienda sasa watajua nilidanganya, watamfuata, na mimi watanivua mji. Asubiri mavuno. Akasema sawa kocha.

Ghati alikuwepo. Alisema, "Na mimi nisubiri nini?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Nilisema nitafikiri. Nimefikiri mchana kutwa huku nakoroga. Sikupata kitu.

Ijumaa, 22 Juni

Ghati ameondoka. Amerudi kwao Nyansurura kwa pikipiki ya asubuhi. Amechukua nguo zake na glavu yake. Kitanda amekitandika.

Nilipika uji kama kawaida. Watu walikunywa. Mmoja alisema leo hauna sukari. Nikaonja. Kweli haukuwa na sukari.

Mama mkwe anafurahi, eti mimba changa hukimbilia kwa mama yake, hata yeye ilikuwa hivyo. Nikasema ndiyo mama.

Jumapili, 24 Juni

Hakuna mrushaji. Nimemweka Nyangi ajaribu. Mpira unakwenda kila mahali isipokuwa mahali pake. Marwa ameukimbilia mpaka kwenye turubai za wachimbaji na kurudi, na kurudi tena.

Baada ya mazoezi alinisaidia kukusanya vitu. Alisema, "Kocha, kilio si aibu." Nikasema najua. Ninachokosa ni machozi. Nimekaa nikingoja nisikie uchungu kama mtu anayengoja gari stendi. Halipiti.

Jumatano, 27 Juni

Hakuna kipya. Mvua hakuna. Rashi inapungua, wengine wanahamia kilima kingine. Wanaacha mashimo.

Jumapili, 1 Julai

Mechi Nyansurura. Tulikwenda na fuso.

Ghati anarushia Nyansurura. Anayekuja anacheza, sheria ni yangu mwenyewe. Alisimama katikati ya kiwanja chao, amefunga kilemba cheupe, hakunitazama. Wapigaji wangu walinigeukia mmoja mmoja. Ghati akitaka kurusha mpira wa polepole huinua kisigino cha kushoto kabla. Mimi najua. Marwa anajua, amemdakia muda wote huu. Ningesema neno moja tungeshinda.

Sikusema. Marwa naye hakusema. Tumefungwa vibaya sana. Ilikuwa raha kumwona akirusha vile. Naandika raha kwa sababu ndilo neno lake, si kwamba niliisikia.

Baada ya mechi nilitaka kumwona. Kumwona tu. Kumwomba radhi kwamba sikumgeukia siku ile. Nilifuata njia mpaka kwao. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe hata mtoto wa Kikurya asingelifanya.

Mtoa ng'ombe haendi peke yake kwa wakwe mke akiwa ameondoka. Unatuma mtu. Ukifika mwenyewe, ukakaribishwa kigoda ukakaa, hukuja kusalimia. Umekuja kudai: mke, au ng'ombe. Niliyajua hayo. Lakini miguu ilikuwa imechoka na baba yake alikuwa amesimama mlangoni na kigoda mkononi, mzee wa watu, ameinama kidogo. Nikasema shikamoo tata, yaani baba. Nikakaa.

Nikaona mikono yake inavyokamatana. Ng'ombe wangu hawapo. Kaka yake Ghati alioa kwa ng'ombe hao hao. Mke wa kaka yupo pale, ana mtoto mgongoni, alikuwa anapepeta mtama. Aliponiona nimekaa aliacha kupepeta.

Mzee akasema, "Mwanangu, hatuna cha kukurudishia. Nitamleta mwenyewe Jumanne."

Ghati alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, bado na kilemba cha mchezo. Alisikia. Sasa alinitazama, muda mrefu. Alikuwa ananingoja.

Maneno yalikuwa mawili tu. Sikuja kudai. Maneno mawili, na yalikuwa mdomoni. Lakini nilimtaka arudi. Nilimtaka nyumbani kwa namna yoyote. Nikasema, "Asante, tata."

Jumanne, 3 Julai

Wamefika kabla ya adhuhuri. Baba yake amembebea mfuko. Mama mkwe ameshangilia, amechinja kuku. Mzee amekula kidogo sana, ameaga mapema, amenishukuru. Amenishukuru mimi.

Ghati ameshika jembe moja kwa moja. Amelima mpaka jua limezama.

Alhamisi, 5 Julai

Marwa amekuja kula. Ghati amempakulia kwanza, kama apakuliwavyo mgeni wa kiume, na maji ya kunawa amemshikia kwa mikono miwili. Marwa alisema, Ghati, ni mimi. Ghati akasema karibu.

Marwa hakumaliza chakula. Amesema mavuno au si mavuno, anakwenda Sirari, atamwambia Mzee Nyamhanga kwamba anakwenda kutafuta mtaji na atarudi. Ghati akasema, "Usiende kwa ajili yangu. Ng'ombe hawarudi kwa wewe kwenda."

Ni kweli. Amebaki.

Ghati sasa analala chumba cha pili. Alihamisha godoro mchana, mbele ya mama mkwe, na mama mkwe akamsaidia kulibeba. Anaona ndivyo inavyopaswa.

Jumapili, 8 Julai

Manyunyu alfajiri, yamekatika. Mazoezi yalikuwa pale pale, saa kumi. Ghati amerusha. Anacheza vizuri kama zamani. Nikimwambia tupa juu anatupa juu. Nikimwambia pumzika anapumzika.

Wake wa nyumba kama yetu huwaita waliowaoa mama, na huwaamkia kila asubuhi. Ghati hakufanya hivyo hata siku moja. Aliniita Robi tangu siku ya kwanza, tena kwa sauti, na mama mkwe alilalamika mpaka akachoka.

Leo nilipofungua mlango alikuwa tayari nje. Amekunja goti kidogo, macho chini.

"Shikamoo, mama."

Imeuma. Nilidhani hakuna pa kuuma tena, kumbe papo.

Nimeitikia marahaba. Akachukua ndoo, akaenda kisimani.